AMANI HAIFUNDISHWI KWA FIMBO



Anayepita Tunduma asubuhi na mapema hawezi kukosa kuwaona. Kati ya malori yaliyopanga foleni kuelekea forodhani, katikati ya wauza chai, wabadilisha fedha na waendesha bodaboda, hupita watoto wa shule na madaftari yao. Wanapoingia darasani huketi dawati moja Mnyamwanga na Mnyiha, Mndali na Mkinga, Mnyakyusa na Msukuma. Huyu ni Mkatoliki, yule ni Mmoravian, wa tatu ni Mwislamu, wa nne amebatizwa juzi katika kanisa lililoanzishwa mwaka jana. Wako wenye baba upande huu na bibi upande wa Nakonde, kwa maana mpaka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani kwa mkataba wa 1890 haukuwauliza Wanyamwanga kama wangependa kugawanywa.

Darasa la namna hii ni zawadi ya Mungu. Ni mahali pia ambapo ugomvi hauwezi kukosekana, kwa kuwa penye wengi pana mengi. Kwa hiyo hatuna haja ya kuuliza kama watoto wetu watagombana. Yatupasa kuuliza: watakapogombana, shule itawafundisha nini?

Ugomvi wa shilingi elfu moja

Siku moja tulikuwa katika shule ya msingi mojawapo ya mji huu kwa ajili ya kipindi cha dini. Wakati wa mapumziko wavulana wawili wa darasa la tano walipigana. Mmoja alidai kwamba mwenzake amemwibia shilingi elfu moja aliyopewa na mama yake anunue daftari. Mwenzake alikana, na katika kukana alimwita "Mzambia". Mwalimu wa zamu hakuuliza mengi. Aliwachapa wote wawili, akawaamuru wapeane mikono, nao wakapeana. Sisi tulisimama pale tukitazama, tukaona jambo limekwisha, tukaingia darasani kufundisha somo la Heri Nane.

Jambo halikuwa limekwisha. Jioni, karibu na reli ya TAZARA, wavulana wale walikutana tena, safari hii kila mmoja akiwa na ndugu na rafiki zake. Waliokuwa wawili sasa wakawa tisa, na mmoja akarudi nyumbani na jeraha kichwani.

Kesho yake mwalimu wa darasa lao, mama wa Kiislamu, aliwaita wale wawili peke yao. Aliwaketisha, akawapa kanuni moja tu: kabla ya kujibu, kila mmoja aseme kwanza alichomsikia mwenzake akisema, mpaka mwenzake akiri kwamba ndivyo alivyosema. Shughuli hiyo ilichukua karibu nusu saa. Ikafahamika kwamba fedha ilikuwa imechukuliwa kweli. Ikafahamika kwamba aliyeichukua alikuwa hajala tangu jana yake, kwa sababu mama yake, anayeuza karanga kwa madereva wa malori, alikuwa mgonjwa kitandani. Tena ikafahamika kwamba lile jina la "Mzambia" lilikuwa limemwuma yule wa pili kuliko wizi wenyewe. Wakakubaliana kwamba fedha italipwa shilingi mia mbili kila juma kwa majuma matano, na kwamba jina lile halitatajwa tena. Mwalimu aliyaandika makubaliano katika daftari, wakatia sahihi zao. Majuma matano yakapita na deni likalipwa. Hatusemi kwamba watoto wale wamekuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Tunasema tu kwamba hawakupigana tena.

Tumelitafakari tukio hilo mara nyingi, wala si bila aibu. Mwalimu wa kwanza alimaliza kelele. Mwalimu wa pili alimaliza ugomvi. Nasi wenye kanzu, tuliokwenda pale kuhubiri kwamba wana heri wapatanishi, tulisimama upande wa yule wa kwanza.

Fimbo inafundisha nini?

Tuseme wazi kwamba hatuandiki haya ili kuwashambulia walimu. Tangu elimu bila malipo ilipoanza kutekelezwa Januari 2016, watoto wengi ambao wangebaki nyumbani wamepata nafasi ya kusoma, na hilo ni jambo la haki. Lakini madarasa mengi yamejaa kupita kiasi, na mwalimu aliye peke yake mbele ya umati wa watoto hushawishika kutumia njia iliyo fupi. Twajua uchovu huo. Hata hivyo, njia fupi si lazima iwe njia ya kufika.

Watu wengi hawafahamu kwamba hata sheria ya nchi haikumpa kila mwalimu ruhusa ya kuchapa. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni, zilizotolewa mwaka 1979 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2002, zinaagiza kwamba viboko visizidi vinne. Kwamba vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Kwamba viwe kwa makosa mazito. Na kwamba kila adhabu iandikwe katika kitabu. Mwalimu wa zamu anayechapa watoto wawili uwanjani kabla ya kuwauliza neno anavunja kanuni mbele ya wanafunzi anaotaka wazifuate.

Na tumeona mahali ambapo desturi hiyo hufikisha watu. Mwaka 2016, mwaka huo huo Mkoa wetu wa Songwe ulipozaliwa kutoka Mkoa wa Mbeya, Watanzania walitazama kwa uchungu picha za video za walimu waliokuwa katika mafunzo ya vitendo wakimpiga kwa pamoja mwanafunzi wa sekondari jijini Mbeya. Agosti 2018 mtoto wa darasa la tano huko Bukoba alifariki dunia baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma ya kuiba mkoba, na mwalimu huyo akahukumiwa kifo mwaka uliofuata. Familia mbili zikaangamia kwa sababu ya mkoba mmoja. Je, kama mtu mmoja angetulia kwanza na kuuliza?

Fimbo nayo ni mwalimu, na masomo yake hukaa. Humfundisha mtoto kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki, na kwamba aliyekosa na aliyekosewa hupata fungu moja. Kisha humfundisha kwamba kusema ukweli hakuna faida, maana hakuna anayeuliza. Mtoto aliyejifunza hivyo kwa miaka saba hatayasahau akishika siku moja madaraka ya kijiji, au silaha, au jiwe.

Tufungue Kitabu cha Mwanzo. Kaini alipomwua ndugu yake, Mungu hakuanza kwa hukumu. Alimwuliza ndugu yake yuko wapi, akamwuliza amefanya nini. Mungu ajuaye yote aliuliza kwanza. Sisi tusiojua yote tunachapa kwanza. Na hata baada ya hukumu, Mungu alimtia Kaini alama ili mtu asimwue. Hiyo ndiyo malezi: kosa linaitwa kosa, adhabu ipo, lakini uhai na heshima ya mkosaji vinalindwa.

Yaliyokwisha kutupata

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo madogo ya watoto. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, nasi tumeshaona samaki aliyekaukia katika umbo baya.

Mwanzoni mwa Aprili 2013 mji wetu wa Tunduma ulilipuka kwa ghasia juu ya swali la nani ana haki ya kuchinja mnyama wa kitoweo. Ilibidi polisi watumie mabomu ya machozi kuwazuia watu waliotaka kuuchoma moto msikiti, na watu hao walijiita Wakristo. Hatuwezi kulificha jambo hilo chini ya mkeka. Watu waliokuwa wakinunua nyama bucha moja kwa miaka mingi waligundua kwamba hawana mahali wala namna ya kuketi na kusikilizana juu ya kisu. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka tisa siku ile, akachungulia dirishani kuona baba yake ameshika nini mkononi, leo ni mtu mzima mwenye kura.

Miaka kumi na tisa kabla yake, majirani zetu wa Rwanda walitufundisha somo zito zaidi. Kabla ya 1994, katika madarasa ya nchi ile, watoto waliamriwa wasimame kwa makundi, Wahutu huku na Watutsi kule, ili wahesabiwe. Mwalimu aliyeita majina hayo pengine alidhani anajaza fomu tu. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, takribani watu robo milioni walivuka mto kwenye daraja la Rusumo kuingia Ngara, nasi Watanzania tukawapokea. Shule ile iliyohesabu watoto kwa makabila haikuua mtu kwa mikono yake. Ilimzoesha mtoto tu kumtazama jirani yake wa dawati kama mtu wa upande mwingine. Tulisikiapo watoto wetu wakiitana "Mzambia", au wakimcheka mwana wa mfugaji aliyehamia Momba, tusiseme ni utani. Utani wetu wa asili una kanuni zake: watani huzikana, na husameheana hadharani. Neno linalomfanya mtoto ajione mgeni katika darasa lake si utani.

Tena yako ya karibu zaidi, ambayo bado yanatuuma. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, nchi tuliyozoea kuiita kisiwa cha amani iliona maandamano, ghasia na damu ya raia ikimwagika. Mwezi uliofuata Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania lililaani mauaji hayo. Watoto wetu waliyasikia hayo yote. Waliona pia jinsi sisi wazazi tulivyonyamaza walipotuuliza.

Basi somo la amani likiwa ni kuwaambia watoto wanyamaze na kutii, watoto hawataliamini, na watakuwa na haki ya kutoliamini. Nabii Isaya alifundisha kwamba amani huzaliwa na haki. Kimya cha mtu aliyeogopeshwa si amani, kama vile mkono uliotolewa kwa amri ya mwalimu haukuwa upatanisho. Amani ya kweli huwa na sauti: mtu amesema alichotendewa, mwingine amesikia, ukweli umetajwa, kilichoharibiwa kimetengenezwa.

Njia ipo

Bwana wetu Yesu Kristo, katika sura ya kumi na nane ya Injili ya Mathayo, alituachia utaratibu ambao hata mtoto wa darasa la pili aweza kuufuata. Aliyekosewa aende kwanza kwa mkosaji, wawili peke yao. Asiposikilizwa, achukue mtu mmoja au wawili wawe mashahidi. Ikishindikana, ndipo jambo lifike mbele ya jumuiya. Tazameni jinsi tunavyoupindua utaratibu huo: jambo huanza kwa kutangazwa, kisha hutafutwa mashahidi wa upande wetu, na yule mkosaji huwa wa mwisho kuambiwa alichokosa.

Wazee wetu nao hawakuwa mbali na njia hiyo. Katika baraza, mzee hakutoa neno la mwisho kabla ya kuzisikia pande zote mbili, na mkosaji hakuondoka kabla ya kujua atalipa nini na kwa nani. Mama yule wa shule ya Tunduma hakuhitaji kitabu kutoka Ulaya. Alifanya shauri la baraza kwa watoto wawili.

Wenzetu wa Kenya walilifanya jambo hili kuwa kazi ya serikali. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambamo watu zaidi ya elfu moja waliuawa, Wizara ya Elimu ya nchi hiyo ilianzisha mwaka 2008 mpango wa elimu ya amani shuleni, na mwaka 2014 ikatoa sera yake. Walingoja kaburi ndipo wakafungua daftari. Sisi hatuna sababu ya kungoja zaidi.

Hapa kwetu mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Tunalipokea kwa furaha. Lakini maadili yanayoandikwa ubaoni saa mbili na kufutwa kwa fimbo saa nne hayatadumu mpaka jioni. Kwa hiyo twapendekeza mambo yafuatayo, ambayo hayahitaji fedha za mfadhili.

Kwanza, kila shule iweke kanuni kwamba hakuna mtoto atakayeadhibiwa kwa ugomvi kabla pande zote mbili hazijasikilizwa. Kama mwalimu wa zamu hana nafasi saa ile, awatenganishe watoto na kuliweka shauri hadi baada ya vipindi.

Pili, kila darasa kuanzia la nne lichague wasuluhishi wake, wavulana na wasichana kwa idadi sawa, wa dini na makabila mbalimbali, wafundishwe na mwalimu mmoja namna ya kusikiliza bila kuegemea upande. Kazi yao iwe magomvi ya kalamu, mpira, matusi na foleni ya maji. Wasipewe kamwe mashauri ya kumdhalilisha mtoto kijinsia, ya silaha au ya majeraha. Hayo ni ya watu wazima, nayo yapelekwe bila kuchelewa kwa ofisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kuyasuluhisha makosa ya namna hiyo chini ya mwembe, kwa mbuzi na samahani, ni dhuluma iliyovaa kanzu ya amani, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ipo ili kumlinda mtoto.

Tatu, malipo ya kosa yalingane na kosa. Aliyechana daftari alitengeneze au anunue jingine kidogo kidogo. Aliyetukana mbele ya wenzake aombe radhi mbele ya wenzake. Mtoto anayerekebisha alichoharibu hujifunza kwamba ana uwezo wa kutenda mema. Anayechapwa tu hujifunza kuvumilia maumivu.

Nne, wazazi, msiibomoe jioni kazi iliyojengwa mchana. Mtoto anaporudi analia, baba asimwambie, "Kampige nawe." Mama asikimbilie shuleni na kanga kiunoni kabla hajajua mwanawe alifanya nini. Ulizeni mambo mawili: mwenzako alisema nini, na wewe ulifanya nini.

Tano, nasi wa Kanisa tuanze kwetu. Baadhi yetu tuliopita seminari twakumbuka kengele za kimya, ambamo kuuliza sababu kulihesabiwa kuwa kiburi, na tumeyabeba mazoea hayo hadi parokiani. Bado ziko sehemu ambako mafundisho ya Komunyo ya Kwanza hutolewa na katekista mwenye fimbo kwapani. Haifai mtoto aijongee meza ya Bwana akiwa amefundishwa kwa hofu. Tunawaomba mapadre, watawa na makatekista waziache fimbo hizo, na Jumuiya Ndogo Ndogo ziwape watoto wa Utoto Mtakatifu nafasi ya kusema na kusikilizwa. Kadhalika, viongozi wa Kanisa wanaogombana juu ya viti na michango wajue kwamba watoto wanawatazama.

Hitimisho

Katika ujumbe wake wa Siku ya Amani Duniani, tarehe 1 Januari 1979, Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alifafanua mada isemayo kwamba anayetaka kuifikia amani yampasa kuifundisha. Tumeirudia mada hiyo katika semina nyingi. Labda sasa tumefikia wakati wa kuipeleka pale ambapo mtoto hushikwa ukosi wa shati na kuulizwa, au kutoulizwa.

Mwalimu mpendwa, kesho watagombana tena. Itakuwa kwa sababu ya kifutio, au ya nafasi dirishani, au ya jina baya. Utakuwa umechoka, na fimbo itakuwa karibu kuliko kiti. Twakuomba uvute kiti. Ile nusu saa utakayopoteza utamlipa nayo mtu usiyemjua, ambaye miaka ishirini baadaye hatachomewa nyumba yake, kwa sababu kijana aliyekuwa na kiberiti mkononi alikumbuka kwamba aliwahi kusikilizwa.

Mungu awabariki watoto wetu, na atujalie kuwa wapatanishi.